Subaru STI yangu waranti inaisha mwezi ujao, niendelee nayo au niiuze?

Mwana_Uyole

Wakuu habari za mchana. Naombeni ushauri hasa nyie mnaozijua hizi gari, maana nimefika mahali nimekwama na usingizi siupati vizuri.

Nina WRX STI ya 2015, ile bodi ya VAB, manuali gia sita. Niliichukua kwenye yadi moja Dar mwaka juzi kwa milioni 92 na wakanipa waranti ya maandishi ya miaka 2, injini na giaboksi tu, klachi na breki na belti havimo. Tarehe 28 mwezi ujao ndo inaisha. Imetembea kilomita 84,000 na kidogo, sevisi nafanya hapa hapa Mbeya kila kilomita 5,000 na risiti zote ziko kwenye faili, na kwa miaka yote miwili sijawahi kuwadai ile yadi hata shilingi.

Sasa kinachoninyima raha ni hivi. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku mnaijua, asubuhi nikiwasha inatoa mlio tok tok tok chini ya boneti upande wa kushoto kwa dakika tatu nne, ikishapata moto inanyamaza kabisa. Mimi na mtoto wangu wa darasa la pili tunasimama pale nje, yeye kashika begi lake, tunasikiliza mpaka inyamaze ndo tunaondoka. Siku hizi ananiambia "baba bado, bado... haya imeacha." Nikiingia mtandaoni kusoma habari za injini za Subaru nakuta watu wanalia pistoni zimepasuka, injini imekufa kwenye kilomita elfu themanini na kitu, yani hapo hapo nilipo mimi. Kingine kidogo tu, gia ya tatu asubuhi inakuwa ngumu kuingia lakini nadhani ni baridi.

Mke wangu anasema tuuze. Nyumba yetu ya Isyesye iko kwenye lenta, kuna mteja wa Tunduma kaweka milioni 70 mezani keshi, na za kazi za duka (nauza mbolea na mbegu Uyole) ninayo Probox. Simlaumu, anaongea ukweli. Ila hii gari wakuu nimeitafuta tangu nikiwa mdogo, mwaka 2003 Petter Solberg alipochukua ubingwa wa dunia wa mbio za rali na ile Subaru ya bluu mimi picha yake nilikuwa nimeibandika kwenye jalada la daftari la hesabu. Jumamosi nikimaliza duka nikaipeleka Tukuyu, zile kona za kupanda Isyonje na ukungu wake halafu unashuka unaanza kuona migomba, wiki yangu yote inakaa sawa. Nisaidieni.

Fundi_Makambako

Kaka pole, tulia kwanza. Huo mlio kabla hujauogopa jiulize unaishia lini. Ukiwa mkubwa injini ikiwa ya baridi halafu unafifia inavyopata moto, mara nyingi ni pistoni inagonga ukuta wa silinda kwa sababu bado haijatanuka, Subaru nyingi zinafanya hivyo na zinaishi miaka. Wa kuogopa ni ule unaobaki ikiwa ya moto, au unaongezeka ukikanyaga mafuta, hapo ni beringi za konrodi (ule mkono unaoshika pistoni) na hapo hakuna kusubiri, unazima gari hapo hapo ulipo. Wewe unasema unanyamaza kabisa kwahiyo mimi naegemea kwenye la kwanza, lakini kuegemea sio kupima.

Halafu hizo habari za mtandaoni angalia nani anaongea. Wengi wanaolia pistoni kupasuka ni Wamarekani, na STI za Marekani zilikuja na injini ya 2.5, EJ257. Ya kwako kama ilitoka Japan ni EJ207 ya 2.0, ni ndugu ila sio injini moja, na hii ya 2.0 ina sifa ya kuvumilia zaidi. Sisemi haifi, inakufa ukiitesa au ukiiacha bila oili.

Cha kufanya ni kwamba waranti yako ina wiki kama sita za uhai, zitumie. Peleka gari ikapimwe kompresheni, yani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, zote nne, na kama fundi ana kifaa cha kupima uvujaji wa hewa ndani ya silinda ni bora zaidi kwa sababu kile kinakuonyesha hewa inatokea wapi. Na hapa nisikilize vizuri maana nimeona watu wanaharibiwa: Mbeya iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwahiyo injini nzima kabisa ambayo Dar ingesoma psi 150 hapo kwenu itasoma 125 hivi. Fundi asiyejua hilo atafungua kitabu, ataona namba iko chini, atakwambia injini imechoka tushushe. Usikubali. Angalia tofauti ya silinda na silinda, tatu zikiwa 125 na moja 95 hapo una kesi, zote zikiwa jirani jirani huna tatizo.

Wakati huo huo mwaga oili ya injini NA ya giaboksi kwenye beseni safi, angalia kwenye jua. Hiyo gia ya tatu umeitaja kama kitu kidogo, mimi ndo kitu cha kwanza ningekiangalia.

Kamwene_Iringa

Kamwene wote. Mimi naomba nitofautiane na fundi kwa heshima. Uza.

Nilikuwa na Forester ya turbo, nayo nilipewa waranti niliponunua, ikaisha mwezi wa pili, mwezi wa nne natoka Moro napandisha mlima Kitonga nyuma ya lori la kontena, mnaijua ile, unapanda gia ya pili huwezi kupita maana kona hazionyeshi mbele na wa juu wanashuka. Taa ya oili ikawaka ikazima, ikawaka ikazima. Nikasema nikifika juu nitaangalia. Sikufika juu. Injini ilikaza, nikakaa pale pembeni na watoto wawili mpaka saa mbili usiku na malori yanapita hatua mbili kutoka mlangoni. Ilikuja kuonekana inakula oili na mimi nilikuwa sijachomoa stiki ya kupimia oili tangu sevisi, karibu kilomita elfu nne. Injini ya mtumba mpaka kufungwa nikatoa milioni 14 na sikuwa nazo, nilikopa saccos.

Yani fundi anasema kweli, inapimwa, sawa, ila kipimo kinakwambia injini iko vipi siku hiyo ya kipimo. Mwenye nyumba kwenye lenta asikae na kitu ambacho kikikohoa kinataka milioni 14. Milioni 70 za keshi kwa gari ya aina hii huku kwetu nyanda za juu hazipatikani kila siku, wateja wake ni wachache, ukimwacha huyo wa Tunduma unaweza kukaa mwaka.

Mbalizi_Boy

Usiuze mkuu!! Hizo injini za EJ20, familia ya hiyo EJ207 yako, zilianza 1989 na STI ya mwisho yenye hiyo injini walitoa 555 tu wakazipigia bahati nasibu Japan, na 2022 Subaru wenyewe walisema hii WRX mpya haitakuwa na STI ya mafuta. Nyingine haiji. Ukiuza ukaja kuitaka tena utaifuata wapi.

Ila kama unapita kila siku huku kwenye ujenzi wa njia nne Nsalaga mpaka Ifisi angalia chini, zile njia za mchepuko zina mawe, mimi nimeshapasua bampa na Altezza yangu.

Mama_Mafinga

Habari zenu kaka zangu. Mimi gari za mbio sizijui sana, mimi ni mhasibu, ila naona mnajibu swali la gari wakati mwenzetu ana maswali matatu.

Kaka, ile milioni 22 iliyopungua kutoka 92 mpaka 70 isahau, imeshaenda, uuze gari au ubaki nayo hairudi. Swali ni kwamba ukibaki na gari bila waranti, unaweza kujikatia mwenyewe ile waranti? Yani kila mwezi hela inaingia kwenye akaunti ambayo huigusi, tuseme laki sita, kwa mwaka ni milioni 7 na laki 2. Baada ya miaka miwili una injini ya ndugu yetu wa Iringa mfukoni. Kama duka linaweza kutoa hiyo laki sita bila kugusa ada na chakula, gari unaimudu. Kama haliwezi basi gari ilikuwa juu ya uwezo hata waranti ilipokuwepo, ila ulikuwa hujaambiwa. Na kwenye hesabu weka ile taimingi belti, sijui inabadilishwa lini wataalamu mseme.

La pili nyumba. Mvua zinaanza Novemba, kuta zisizo na bati zikipigwa na mvua za huku mpaka Aprili unajua mwenyewe zitakuwaje. Kwahiyo mke wako hazungumzii gari, anazungumzia Novemba. Kaa naye, mwambie bati litatoka wapi na lini, kwa tarehe. Ukiwa na jibu la hilo utashangaa mazungumzo ya gari yanakuwa mepesi.

La tatu, ukipima ukakuta kitu, usipige simu. Simu haina ushahidi. Andika barua ya madai, ambatanisha kipimo chenye mhuri wa gereji na kopi za risiti za sevisi, ifike yadi kabla ya tarehe 28 na wakugongee mhuri wa kupokea. Yadi nyingi zitakwambia "tutakuona" mpaka tarehe ipite.

Fundi_Makambako

Mama Mafinga umenena. Belti ni kilomita 100,000 ila hii gari ni ya 2015, mpira unazeeka hata ukisimama, mimi ningeibadilisha sasa pamoja na wota pampu na tenshena yake, maana kwenye injini hii belti ikikatika valvu zinapigwa na pistoni, hapo ndo unafungua injini nzima. Na ndugu yangu wa Iringa pole sana kwa Kitonga. Alichosema kuhusu stiki kiandikeni ukutani, hizi injini stiki inachomolewa kila ukijaza tenki.

Mwana_Uyole

Wakuu nimerudi, samahani nimechelewa wiki mbili na zaidi.

Nilipeleka gereji moja hapa mjini ina vifaa vyote, nikasimama mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Kompresheni imesoma 124, 126, 121, 125. Kijana aliyekuwa anapima akasema hii iko chini bosi, nikamwonyesha maneno ya fundi kwenye simu, akamwita mkubwa wake, mkubwa akacheka akasema ni kweli, huku ndo kawaida. Uvujaji nao uko kawaida silinda zote. Oili ya injini safi haina kitu.

Oili ya giaboksi sasa. Walivyomwaga kwenye beseni na jua likapiga, ilikuwa inameta kama imetiwa vumbi la dhahabu, na kwenye ile sumaku ya nati ya chini hakikunasa kitu cha maana. Fundi akachukua kidole akasugua akanionyesha, akasema hii ni shaba, chuma kingenasa, hii ni sinkronaiza ya gia ya tatu inaisha, ile pete inayoifanya gia iingie laini. Miezi yote nasikiliza injini na mtoto pale nje, kumbe mgonjwa ni yule niliyesema ni baridi. Fundi Makambako ndaga fijo, umeliona ukiwa Makambako.

Barua niliandika kama Mama Mafinga alivyoelekeza, shemeji yangu aliyeko Dar akaipeleka mkononi akagongewa mhuri zikiwa zimebaki siku 19. Mwanzo walisema hiyo ni kuchakaa haimo, akawasomea karatasi yao wenyewe imeandikwa "giaboksi na vilivyomo ndani yake", wakaingia ndani wakakaa, wakatoka wakakubali. Wameniandikia nilete gari, spea na ufundi ni juu yao.

Na mke wangu tumekaa. Nina gunia za mpunga wa Ubaruku nilizokuwa naziweka nisubiri bei, zinauzwa mwezi huu, bati linapanda kabla ya Novemba, tarehe kaandika yeye. Laki sita kila mwezi inaingia kwenye akaunti ambayo kadi anakaa nayo yeye. Belti nimeshabadilisha pamoja na wota pampu. Mteja wa Tunduma nimempigia nikamshukuru nikamwambia hapana. Ndugu wa Iringa ushauri wako sikuufuata lakini ndo ulionifanya nikubali hiyo laki sita bila kubishana, naomba uelewe hivyo.

Jumanne tunaondoka alfajiri kwenda Dar, mke wangu kasema anakuja. Gia ya tatu nitaiingiza taratibu. Ipogolo pale Iringa nitasimama nichomoe stiki kabla hatujaanza kuitafuta Kitonga.

Kamwene_Iringa

Nimeelewa mdogo wangu, wala sina kinyongo. Ukifika Ipogolo nipigie meseji ya faragha, nikiwepo nakuja na galoni ya oili, mje mnywe chai kwanza maana alfajiri kutoka Mbeya mtakuwa mmechoka. Kushuka Kitonga weka gia ya pili uache injini ishike, breki za gari nzuri nazo zinachemka.