Msaada: muziki unameza sauti ya mgeni kwenye podikasti, nikipandisha inakwaruza

Mwana_Udi: Wakuu, habari za jioni. Naendesha podikasti ya wazee wa taarab hapa Dar. Kipindi cha Ijumaa mgeni ni mpiga udi kutoka Pemba. Mimi nasikika kama nimekaa sikioni mwa msikilizaji, mzee kama yuko chumba cha pili. Nikimpandisha, muziki nao unapanda unammeza. Nikikaza limita (kizuizi cha vilele vya sauti), faili zima linafika -8 LUFS, kile kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho ikikaribia sifuri ndivyo inavyozidi, lakini linakwaruza. Halafu mwanzoni kuna mashup ya wimbo wa zamani juu ya biti ya singeli, nayo inapiga kelele kuliko mazungumzo. Natumia Audacity. Naomba kujua tu, nifike LUFS ngapi ili kiwe na nguvu kama vya wenzetu? Nina presha, familia ya mzee imeshawatangazia ndugu zao hadi Muscat.

Fundi_Mawimbi: Swali la LUFS ndilo jepesi. Apple wanashauri -16 kwa podikasti, Spotify wanasawazisha kwenye -14, na kilele kisivuke -1 dBTP, yaani kilele halisi cha wimbi (true peak). Ukipeleka -8, Spotify wanakushusha dB 6 unakuwa sawa na wengine, ila mkwaruzo unabaki nao. Sasa nami nikuulize: kwa nini ukimpandisha mzee muziki unapanda? Si kila kimoja kina treki yake?

DJ_wa_Mwambao: Mimi nijibu la mashup maana ndiyo kazi yangu. Singeli inavuka mapigo 200 kwa dakika, usiivute taarab ikimbie huko. Tafuta wimbo wa 105, uulaze juu ya singeli ya 210, kila pigo la taarab linabeba mawili ya singeli. Hakikisha ziko ufunguo mmoja au jirani. Besi ya wimbo wa zamani ikate chini ya 120 Hz, uiachie singeli peke yake, zikigombana ndipo mita inapanda na sikio halioni faida. Kuna harusi Tanga niliziacha besi zote mbili, mama wa bwana harusi akanifuata mezani akaniambia, "Mwanangu, mpigie mmoja tu." Nilikata hapo hapo na ukumbi ukainuka.

Mama_Wawili: Mbona hakuna anayeuliza ruhusa? Huo wimbo wa zamani una wenyewe, na wengi wao wamezeeka bila kuona senti. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uulize kabla ya Ijumaa. Huwezi kuwaenzi wazee kwa mdomo huku unachukua kazi yao bure.

Fundi_Mawimbi: Mama_Wawili umesema kweli. Mwana_Udi, nasubiri jibu la treki.

Mwana_Udi: Treki ni moja. Maiki ilikuwa moja, iko mezani upande wangu, na muziki ulikuwa unatoka kwenye spika mle mle chumbani tukiongea. Msinilaumu, mzee mwenyewe ndiye aliyetaka. Bila muziki alikuwa ananijibu neno moja moja. Spika ilipowashwa akafunguka mpaka nikasahau maswali yangu. Kumrekodi tena haiwezekani, amesharudi kwao. Ila nimeshatoa arbuni ya mikisa ya chaneli nne, Alhamisi naichukua. Nitapitisha faili humo litulie.

Mkaa_Studio: Ndugu yangu, ukishatia maziwa kwenye chai huyatoi kwa kubadilisha birika. Mikisa inagawa sauti zinazoingia kila moja kwa waya wake. Faili lako limeshaungana. Arbuni ya nini sasa?

Mwana_Udi: Ya vipindi vijavyo pia. Na muuzaji kanihakikishia ina kompresa ndani, ile ya kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo.

Babu_Redio: Sisi redioni tulikuwa na sindano ya VU, mita ya kiwango cha sauti, na masikio, basi. Mtangazaji akikaa mbali na maiki unamsogeza, hujadili. Umbali ukipungua nusu, sauti yake inaongezeka karibu dB 6 bila kugusa kitufe. Vijana mnapenda kutengeneza baadaye kile ambacho kiti kingetengeneza. Hata Ulaya watangazaji walipoona matangazo ya biashara yanawapigia watu kelele, mwaka 2010 walikubaliana -23 LUFS. Heshima kwa msikilizaji kwanza.

Jicho_Kavu: Wakuu, mimi huyu Mwana_Udi simwamini. Akaunti ya wiki hii. Kwenye ule uzi wa maiki kaandika faili lake ni WAV ya biti 16 na kilele ni +1.7 dBTP. Sifuri ndiyo mwisho wa WAV ya biti 16, haivuki, haiwezekani! Mzee hana jina, karudi Pemba, na ghafla kuna mikisa ya muuzaji. Subirini, kesho inakuja namba ya duka.

DJ_wa_Mwambao: Aisee. Mimi nimeshamwaga siri za kazi hapa.

Fundi_Mawimbi: Jicho_Kavu, hapo kwenye kilele umemwonea. Sampuli, yaani vile vipimo vya sauti vilivyohifadhiwa kwenye faili, haivuki sifuri, sawa. Lakini wimbi linapochorwa upya kati ya sampuli na sampuli linaweza kupita juu yake, na mita za true peak zinapima hilo. Ukigeuza kuwa MP3 linaweza kupanda tena, ndiyo maana tunaacha nafasi ya -1. Aliyebana limita mpaka -8 kupata +1.7 ni kawaida kabisa. Duka silijui, lakini hiyo +1.7 mtu haitungi.

Mwana_Udi: Ahsante mkuu. Jina la mzee sitaji kwa sababu hajaniruhusu nimtaje kabla ya kipindi. Muuzaji sitamtaja pia.

Mkaa_Studio: Basi tuseme ya kweli. Ule muziki wa spika ulikuwa ala tupu au una mwimbaji?

Mwana_Udi: Ala tupu karibu wote. Wimbo mmoja tu una mwimbaji, na hapo mzee anaimba naye kwa chini chini, unasikia na kucha zake zikigonga meza.

Mkaa_Studio: Umepona. Tumia Demucs, programu ya kutenganisha sauti, ni ya bure, ilitoka kwa watafiti wa Facebook. Itakutolea sauti za watu upande mmoja na ala upande wa pili. Panapo ala tupu itasaidia. Kwenye ule wimbo usiiguse, itawachukua mwimbaji na mzee pamoja. Paache palivyo, ni pazuri hivyo hivyo. Kisha pita na kipande kimoja kimoja, mpandishe mzee kwa mkono dB 6 hadi 8, wewe usijiguse. Rudisha ala kwa chini, msikilizaji ajue tu zipo. Kompresa nyepesi, Loudness Normalization kwenye -16, limita ndogo mwisho. Mashup ipimie peke yake, uishushe mpaka isimshtue mtu mwenye hedifoni. Na anza na faili la awali, si hilo la -8.

Mwana_Udi: La awali ninalo. Arbuni siirudishi, nawaambia ukweli, ila mikisa haitagusa kipindi hiki. Mashup naitoa mpaka nipate jibu la ruhusa.

Fundi_Mawimbi: Tuma dakika moja ya mzee akiongea. WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama sauti inaweza kubanwa na sitajua kipi chako na kipi chao.