Tupeane uzoefu: ile episodi ya Lost ya simu ya mkesha wa Krismasi, wewe ulimpigia nani?

Wadau habari za jioni. Juzi nimeirudia The Constant, sizoni ya 4 episodi ya 5 ya Lost, ile tamthilia ya Marekani ya manusura wa ajali ya ndege kisiwani, na bado inanizunguka kichwani ndo maana naileta hapa. Kwa aliyesahau, Desmond anatolewa kisiwani kwa helikopta yeye na Sayid, wanapelekwa kwenye meli ya mizigo iliyoko mbali baharini, njiani wanaingia kwenye wingu la dhoruba na hapohapo akili ya Desmond inachomoka, mwili uko 2004 ila yeye anajiona yuko 1996 kambini jeshini huko Scotland, hamjui Sayid, haielewi helikopta, anapiga kelele tu. Inarudi, inakwenda tena, kila mara kwa kasi zaidi. Melini wanamfungia chumba kimoja na Minkowski, yule mtu wa redio, naye anaumwa hivyohivyo, damu zinamtoka puani na anafia mbele yake.

Anayejua dawa ni Faraday, mwanafizikia ambaye 2004 yuko kisiwani, na 1996 Desmond anamfuata chuoni Oxford. Anamwambia utafute kitu ambacho 1996 kipo na 2004 kipo, ukishikilie hicho, ndo konstanti yako, kitu kisichobadilika. Kwa Desmond ni Penny, na mwaka huo wa 1996 wameshaachana. Basi anakwenda mpaka mlangoni kwa yule dada, anamuomba namba ya simu, anaahidi hatapiga mpaka mkesha wa Krismasi 2004, miaka 8 mbele! Dada wa watu anampa namba ili aondoke tu. Halafu tunarudi melini, mitambo ya redio imeharibiwa, Sayid anaunganisha nyaya, simu inaita, inaita weee, na Penny anapokea.

Mi nimeangalia hizi za kusafiri kwenye wakati nyingi tu, mashine, milango, watu wanarudi nyuma kuzuia vita. Humu hakuna anayeokoa dunia, kuna mtu anaomba simu ipokelewe. Nilipoimaliza mara ya kwanza nilimtafuta shangazi yangu Songea aliyenilea nikiwa mdogo, namba yake nilikuwa nayo nyuma ya picha ya kipaimara, imeandikwa kwa kalamu ya wino. Akapokea mtoto, akaenda kumwita, nikasikia kandambili zinakuja, na neno lake la kwanza baada ya kunitambua ni "umekula?". Toka siku ile hatujapotezana tena. Haya leteni na ninyi.

MDAU WA NAKURU
Wah, hii thread imenigusa. Wenye mnapenda tarehe, hiyo episode ilionyeshwa Marekani tarehe 28 Februari 2008, na hiyo ndio siku Kibaki na Raila walisaini mkataba wa kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi pale Harambee House, Kofi Annan akiwa hapo. Sisi wakati huo hatukuwa tunawaza mambo ya TV, showground ya Nakuru ilikuwa imejaa watu na mahema, na familia ya rafiki yangu tuliyesoma naye tangu darasa la kwanza ilikuwa imetoroka kuelekea Western bila hata kuaga. Kabila zetu tofauti, mnajua vile ilikuwa. Kupata tu credo ya simu ilikuwa shida, maduka yamefungwa, wenye wako na kadi wanauza bei wanayotaka.

Lost nilikuja kuiona baadaye kwa DVD nikiwa chuo, na hapo Desmond anaambia Penny amekuwa akimpenda siku zote na laini inaanza kukatakata, mimi nilisimamisha nikatoka nje. Nikauliza kanisa lao la zamani, nikaulizia sokoni, mwishowe mama mmoja wa mboga akanipa namba ya kaka ya huyo rafiki yangu. Rafiki yangu aliposhika simu sikusema jina, nilisema tu hello, akaniita jina lile la utani la shule, jina hakuna mtu mwingine duniani ananiita. Hakuuliza mbona, hakuna aliyemuuliza mwenzake mbona. Tuliongea mpaka credo ikaisha akanipigia yeye.

MDAU WA MOMBASA
Mie baharia, nimefanya kazi meli za mizigo muda mrefu, kwa hivyo ile meli yao naijua kwa harufu. Chumba cha mawasiliano ndio roho ya meli, na wakisema mitambo imevunjwa mie nilishika kichwa kuliko hata kwa mambo ya akili kuruka. Kitu kimoja wameeleza vizuri sana: jinsi wanavyozungumza mmoja juu ya mwenziwe. Simu ya setilaiti sauti yachelewa, wasema wangoja, yeye naye adhani umenyamaza aanza, mwagongana katikati. Mke wangu alipojifungua kifungua mimba wetu nilikuwa bahari kuu, kapteni akanipa dakika zangu, na mazungumzo yote yalikuwa "alhamdulillah" yake yapanda juu ya "mwana yu vipi" yangu. Nilisikia kilio cha mtoto mara moja laini ikakatika. Pale Sayid anapomwambia Desmond umeme umekwisha basi, na Desmond ametulia, amemkumbuka Sayid kwa jina, mie niliamini moja kwa moja. Sauti kidogo yatosha, niulizeni mie.

MDAU WA MWANZA
Mi ni mwalimu wa fizikia, naomba niseme kwa nini kisayansi hii hadithi imepangwa vizuri kuliko nyingi. Kwanza kinachosafiri ni akili tu, mwili unabaki, kwa hiyo kile kizungumkuti cha mtu kukutana na mwenyewe hakipo. Pili ile sehemu ya Oxford, Faraday ana panya anaitwa Eloise, anammulika na mashine, panya anarudiwa na fahamu na kukimbia njia zote za kibox cha vichochoro vya kupotezana bila kukosea wakati Faraday alikuwa hajamfundisha bado, alipanga kumfundisha baadaye! Kwa dakika chache umeelewa kanuni nzima, na umeelewa hatari pia maana panya anakufa. Tatu, Desmond hajabadilisha historia. Na mwisho kabisa Faraday anafungua daftari lake kisiwani anakuta mwandiko wake mwenyewe wa zamani kwamba mambo yakiharibika Desmond Hume ndiye atakuwa konstanti yake. Mimi hapo ndo napapenda kuliko hata simu.

Darasani nikifundisha konstanti vijana huwa wananiangalia tu, g ya mvutano wa dunia ni 9.8 wanakariri. Siku moja nikawasimulia Desmond na Penny nusu kipindi, equation imejaa vitu vinavyobadilika, ukikosa kimoja cha kushika huwezi kuitatua. Aliyekuwa anakaa nyuma kabisa akauliza je kama huyo mtu angehama nyumba? Nikamwambia ndio maana alimuomba asibadilishe namba. Darasa lilichangamka kipindi chote.

MDAU WA MUSCAT
Mimi nilipiga, namba haitumiki. Ni mtu niliyeanza naye maisha huku, tukila sahani moja. Bado namuulizia kwa kila anayetoka Unguja, na ile simu inavyoita kwenye episodi mpaka leo naitazama nimesimama.

MLETA MADA
Mdau wa Muscat usichoke, jaribu na msikiti aliokuwa anasali, mdau wa Nakuru kampata mtu wake kupitia mama wa mboga.

Kuna watu wameuliza kama unaweza kuitazama yenyewe bila kuona zilizotangulia. Utaielewa ila haitakuuma inavyotakiwa. Kama huna muda anza na fainali ya sizoni ya 2, Live Together, Die Alone, pale utaona Penny hakuacha kumtafuta, halafu Flashes Before Your Eyes ya sizoni ya 3, hapo ndo akili yake inaruka mara ya kwanza. Baada ya hapo ndo uiweke hii, na uitazame yote kwa mkao mmoja, usiikate katikati. Wengine endeleeni kushusha, nazisoma zote.