Naomba ushauri: msamaha wa mkopo wa chuo kwa tunaohudumia wazee majumbani

Habari zenu ndugu. Niko Marekani, nahudumia wazee majumbani kwao, na bado nadaiwa mkopo wa serikali kuu niliosomea. Nimesoma kuhusu PSLF, yaani mpango wa serikali wa kusamehe mkopo kwa wanaofanya kazi za utumishi wa umma: malipo 120, huku ukifanya kazi angalau saa 30 kwa wiki serikalini au kwenye shirika lisilo la faida. Hapo kwa mwajiri ndipo ninapokwama. Kampuni iliyoniajiri ni ya biashara, ingawa wateja wetu wengi wanalipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. Nimeuliza ofisini, nikaambiwa "wewe jaza tu fomu". Haya.

Je, hiyo Medicaid inanisaidia chochote, au lazima nihame? Na nikipata saa 15 kwa kila moja ya mashirika mawili yasiyo ya faida, zinajumlishwa?