Nitawaelezaje wanafunzi wa kidato cha kwanza herufi za Kiingereza zisizotamkwa?

Mwalimu wa Kata (mwanzisha uzi)
Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya kata, na wanafunzi wangu karibu wote wametoka shule za msingi ambako masomo yalifundishwa kwa Kiswahili. Wamezoea kwamba neno likisikika vizuri linaandikika, kwa kuwa kila herufi ina sauti yake. Katika imla ya hivi karibuni nilikuta daftari baada ya daftari knife imeandikwa naif, night imeandikwa nait na debt imeandikwa det. Nilipokuwa nasahihisha ubaoni, binti mmoja aliuliza kwa adabu kabisa: “Mwalimu, kama K haisomwi, aliyeiweka aliiweka ya nini?” Kumjibu kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo ni kumfundisha asiulize tena, nami sitaki hivyo. Naomba ushauri: niwaeleze historia ya tahajia hizi, au niwakaririshe tu kwa kuwa mtihani hauulizi historia? Na kama ni historia, nianzie wapi?

Mhariri wa Vitabu
Mwalimu, hongera kwa kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo. Mwambie kwamba K iliwekwa kwa sababu ilikuwa inatamkwa. Waingereza wa zamani waliisema K ya knife na ya knee waziwazi, wakaitamka pia W ya write, na gh ya night ilikuwa sauti iliyokaribiana na kh yetu ya subalkheri. Sauti hizo zilififia polepole katika vinywa vya watu, na K hiyo ilikuwa bado haijapotea kabisa katika karne ya 17.

Kilichozuia maandishi yasifuate matamshi ni hasa uchapaji. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, na vitabu vilivyozidi kusambaa baada ya hapo viliwazoesha wasomaji sura moja ya neno, hata kama tahajia ilichukua muda mrefu kutulia. Wakati huohuo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa katikati ya mageuzi makubwa yaliyodumu takriban kuanzia mwaka 1400 hadi 1700. Kabla ya mageuzi hayo, I ya time ilikuwa I kama yetu, ila ndefu zaidi; A ya name ilikuwa A kama yetu; na E ya mwisho nayo ilisikika kwa wepesi. Kwa hiyo mwanafunzi wako anayesoma name na time kwa herufi za Kiswahili anakaribia matamshi ya London ya karne ya 14. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo, kwa sababu mtoto ataona kwamba njia yake ya kusoma si ya kijinga. Imechelewa karne kadhaa tu.

Niko Ujerumani
Nakubaliana na Mhariri, na ushahidi ninausikia kila siku ninakoishi. Kiingereza na Kijerumani ni ndugu, na Wajerumani hawakuiacha K hiyo: goti wanaliita Knie na K inasikika. Usiku ni Nacht, na ile ch ni kh ileile aliyoitaja. Mwandikie binti yule knee na Knie ubaoni, moja chini ya nyingine, halafu umwache aone mwenyewe.

Mwalimu Mstaafu
Ndugu zangu, maelezo ni mazuri, lakini tusimpe mwalimu mwenzetu kanuni itakayomwangusha mbele ya darasa. Si kila herufi isiyotamkwa iliwahi kutamkwa na Waingereza. Debt, ambayo imo katika imla yake mwenyewe, ilitoka Kifaransa ikiwa dette, bila B yoyote. B iliingizwa baadaye na wasomi waliotaka neno lionyeshe asili yake ya Kilatini, yaani debitum. Doubt ilifanyiwa vivyo hivyo. Island ina kisa kibaya zaidi, kwa sababu neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale na halikutoka Kilatini kabisa. S iliongezwa kwa kulifananisha na isle, lenye asili ya insula ya Kilatini. Hapo wasomi walikosea, na kosa lao limebaki kuwa tahajia sahihi mpaka leo. Hilo nalo mtoto anastahili kuambiwa.

Mwalimu wa Kata
Shikamoo Mwalimu Mstaafu, na ninawashukuru nyote. Bado nina hofu moja: vipindi ni vichache na darasa limejaa. Nitayapangaje haya yasinile muhula mzima?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Usitenge kipindi cha historia. Panga maneno ya imla kwa koo zake: siku moja knife, knee, know na knot, siku nyingine night, light na right, siku nyingine write, wrong na wrist. Kila ukoo upewe sentensi mbili tu za asili yake kabla ya kuandika, kisha waandike neno zima mara kadhaa, maana kukariri hakukwepeki. Debt, doubt na island zisubiri mpaka koo hizo zimekaa vizuri. Tough, though na through ziache za mwisho kabisa, kwa kuwa ndani yake gh moja imegeuka F na nyingine mbili zimenyamaza, na hata mtu mzima huhitaji subira nazo. Binti aliyeuliza mpe kazi ya kutafuta maneno mengine ya ukoo wa kn katika kamusi ya maktaba na kuyasoma mbele ya wenzake, kwanza kwa K kama walivyosema wa kale, kisha bila K kama yanavyosemwa sasa.