Naomba ushauri: nifunge turbo au nibadilishe injini ya GX100?

Habari zenu, ndugu wanachama. Ninamiliki Toyota Mark II GX100 yenye injini ya 1G-FE ya lita 2, ambayo ikijaza abiria hulemewa inapopanda kilima cha Bugando hapa Mwanza. Nimeshabadilisha plagi na kupima kompresheni. Silinda zote sita zinalingana na injini haili oili, ndiyo maana inaniuma kuitoa. Fundi mmoja anashauri nifunge turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuongeza nguvu), ilhali mwingine anapendekeza niweke injini ya 1JZ-GTE ya lita 2.5, inayotoka kiwandani na turbo, pamoja na giaboksi yake.

Je, pistoni na gasketi ya silinda hedi, zilizotengenezwa kwa injini isiyo na turbo, zitahimili hata presha ndogo ya turbo? Na nikibadilisha injini, nifuate utaratibu gani TRA ili kadi ya gari irekebishwe?