Nahamia Mwanza na mama yangu anayeumwa magoti, nipange upande gani?

Habari zenu wakuu, hasa mlioko Mwanza.

Mimi ni muuguzi, kwa sasa niko Iringa. Nimepata kazi hospitali ya Bugando na natakiwa kuripoti baada ya wiki sita. Mwanza nimefika mara moja tu, nilipita nikielekea msibani Sengerema. Niliona mawe, nikapanda kivuko cha Kamanga, basi.

Nakuja na mama yangu mzazi. Ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, akipanda ngazi kumi anapumzika mara mbili. Mwanangu yuko darasa la pili. Mume wangu yuko Dodoma kikazi, atakuwa anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hiyo nyumba yote iko mikononi mwangu, na mimi nitakuwa na zamu za usiku.

Bajeti yangu ni 250,000 kwa mwezi. Nataka vyumba viwili na sebule, choo cha ndani, na mita ya umeme ya LUKU ya peke yangu.

Madalali watatu wameshanitumia picha. Wa kwanza ana nyumba Bugarika, anasema ni dakika kumi kwa miguu hadi kazini. Wa pili ana Buswelu, nyumba mpya, geti, malumalu mpaka jikoni. Wa tatu ana Luchelele, ukiwa unaosha vyombo unaliona ziwa. Wote wanataka kodi ya miezi sita, na mmoja anasema nikitanguliza ya miezi miwili kwa simu atanishikia.

Roho yangu imependa ya Luchelele. Lakini naogopa kuchagua kwa picha halafu mama aje ateseke. Naombeni mnisaidie, hasa mnaoishi huko huko.

Mzawa wa Mkolani

Mwangaluka dada, karibu sana Mwanza na hongera kwa kazi.

Kabla ya kuuliza mtaa, uliza barabara. Mji wetu umebanwa, huku ziwa, huku vilima vya mawe, na njia kubwa za kuingia katikati ni tatu. Kenyatta inatoka Usagara, Buhongwa, Mkolani, Nyegezi, Butimba, Mkuyuni, Igogo. Nyerere inatoka Kisesa, Igoma, Nyakato, Mabatini. Makongoro inatoka uwanja wa ndege, Sabasaba, Pasiansi, Kirumba. Ukipanga kwenye barabara moja halafu shule ya mtoto ikawa kwenye nyingine, mara nyingi itabidi uingie mjini, ubadilishe daladala, ndipo utoke tena. Njia za kuzunguka kwa nyuma zipo, kama ile ya Buhongwa kwenda Igoma kupitia Kishiri, lakini daladala nyingi zinafuata mji.

Bugando iko juu ya kilima, pembeni tu ya katikati ya mji. Kwa hiyo barabara yoyote kati ya hizo tatu itakufikisha. Kinachobaki ni umbali, na saa ngapi gari linapatikana.

Mimi ningekaa Kenyatta: Mkuyuni, Butimba, au mwisho kabisa Nyegezi. Nyegezi ni kama kilomita 10 kutoka mjini. Kuna stendi, kuna soko, na chuo cha SAUT kiko Malimbe, kwa hiyo watu wanatembea mpaka usiku. Ila wanafunzi wengi maana yake vyumba vinagombaniwa, hasa chuo kinapofungua. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wanaotoka Sengerema na Geita kwa gari wanakuja moja kwa moja kwenye barabara hii hii. Zamu ya asubuhi toka mapema.

Shule ya mtoto itafute karibu na nyumba, usiitafute karibu na kazi. Siku uko zamu ya usiku, nani atampeleka mjini? Bibi mwenye magoti?

Mpangaji wa Bugarika

Dada, mimi niko Bugarika mwaka wa nne, napapenda, majirani zangu ni watu wazuri sana. Lakini kwa mama yako nakuomba usije.

Hizo dakika kumi ni za kijana, tena akishuka. Nyumba nyingi za huku juu gari halizifikii. Bodaboda anakuacha mahali, kuanzia hapo ni wewe na mawe. Kwangu nimehesabu hatua 61 kutoka njia ya bodaboda mpaka mlangoni, nyingine ni ngazi za saruji, nyingine jiwe tupu ambalo watu wamelichonga kidogo ili mguu ushike. Mvua ikinyesha lile jiwe linateleza kama sabuni. Mwaka jana jirani yetu mzee aliugua usiku, tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne, tukipokezana, mmoja mbele na tochi. Hospitali tulikuwa tunaziona taa zake, lakini kumfikisha kwenye gari tu kulituchukua zaidi ya nusu saa.

Kingine ambacho picha haionyeshi ni joto. Chumba changu kimeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Jiwe linakula jua mchana kutwa, usiku linalitema. Saa nne usiku nikiweka kiganja ukutani upande wa jiwe, bado ni wa moto. Mtu anayetoka Iringa atapata shida kulala.

Na maji. Maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu, na huku juu presha inapofika ni kwa saa zake. Kwangu yanakuja usiku wa manane. Kwanza bomba linavuta pumzi, linafanya "shhh" kwa dakika mbili tatu, ndipo maji yanaanza kutoka membamba. Ukilisikia unaamka, unapanga ndoo. Ukiwa zamu ya usiku nani ataamka? Siku umekosa, ndoo unanunua kwa vijana, na wanakulipisha mlima.

Kwa hiyo kokote utakakokwenda, usiulize "maji yapo?" Kila mwenye nyumba atasema yapo. Uliza yanakuja siku zipi, saa ngapi, na tangi lina lita ngapi. Halafu kamuulize jirani maswali yale yale.

Baba wa Buswelu

Naona Buswelu haijapata wa kuisemea. Huku ni tambarare kuliko mjini, viwanja vingi vimepimwa, gari linafika mlangoni, hewa nzuri, mtoto anacheza nje. Makao makuu ya Manispaa ya Ilemela yako huku, kwa hiyo mji unakua. Kwa 250,000 utapata nyumba ambayo ukiwa karibu na mjini huioni. Kwa mama yako huku ni kuzuri kweli.

Mzawa wa Mkolani

Kaka, kwa mama sikupingi. Ila huyu dada atatoka kazini usiku au atakuwa anakwenda usiku. Kutoka Buswelu lazima ashuke mpaka barabara ya Nyerere au azungukie Kiseke na Sabasaba, ndipo aingie mjini. Mchana sawa. Usiku ni bodaboda peke yake barabarani, mwanamke, mwendo mrefu, kila wiki. Mke wako ungemruhusu?

Baba wa Buswelu

Hapo umenishika. Mke wangu ana duka huku huku Buswelu, suala la usiku sijawahi kulibeba. Dada, kama utakuwa na usafiri wako au kazini wana gari la zamu, nifikirie. Kama huna, msikilize huyo.

Mama wa Luchelele

Mwanangu, mimi nimeishi kando ya ziwa maisha yangu yote, na nalipenda ziwa, sitalisema vibaya. Ila nyumba ya kuona ziwa kutoka jikoni uliza kwanza iko hatua ngapi kutoka kwenye maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Wapo waliojenga ndani ya hizo mita na wanapangisha kama kawaida. Siku wakiambiwa wabomoe, mpangaji ndiye anayebaki na vyombo nje.

Na ziwa lenyewe linarudi kuchukua mahali pake. Mwaka 2020 maji yalipanda, na 2024 yakapanda tena. Kwetu yalikuja taratibu, si kama mafuriko ya mto. Leo yako kwenye mchicha, wiki ijayo yako kwenye jiwe la kufulia, halafu asubuhi moja unaenda chooni unakuta shimo limejaa mpaka juu. Kuta za nyumba ya chini zilinyonya maji, chokaa ikawa inadondoka vipande kama maganda ya kitunguu. Ukienda kuiangalia nyumba, piga magoti uangalie ukuta kwa chini. Kama umepakwa rangi mpya kuanzia sakafuni mpaka kiunoni na juu rangi ni ya zamani, muulize mwenyewe kwa nini.

La mtoto unalijua kuliko mimi, wewe ni muuguzi: kichocho. Watoto wa huku wote wanaoga ziwani baada ya shule, na wako atawafuata tu, hutamfunga kamba. Wadudu wadogo wa ziwani nao wana siku zao, wanakuja kama moshi, ukiwasha taa dirisha likiwa wazi wanajaa mpaka kwenye sufuria.

Kama unataka ziwa, mpandishe mama daladala Jumapili mje kwangu mle sato, jioni mrudi kwenu.

Dalali wa zamani

Nimefanya udalali miaka saba, nimeacha, sasa nina duka la vifaa vya ujenzi. Naomba nikwambie mambo ya hela kwa sababu huko ndiko watu wanakoumizwa.

Hela ya kushikiwa nyumba usitume. Hakuna kitu kama hicho kwa nyumba ambayo hujaiona. Mwaka niliokaribia kuacha, nyumba moja ilishikiwa na watu watatu kwa mpigo, kila mmoja na dalali wake, na mwenye nyumba hakuwa na habari hata na mmoja. Nilimuona dada mmoja ameshuka na magodoro kwenye Fuso, mlangoni anakuta familia nyingine inakula chakula cha mchana. Ile sura yake ndiyo iliyonitoa kwenye kazi ile.

Chukua likizo hata ya siku tatu, uje. Fikia gesti, angalia nyumba kwa miguu yako. Dalali atataka hela ya usumbufu ya kukuzungusha, na ukipanga atataka kodi ya mwezi mmoja. Hiyo iweke kwenye hesabu tangu sasa, maana watu wanaisahau. Miezi sita ndiyo wanaoomba wengi, lakini ukionana na mwenye nyumba uso kwa uso na ukaonyesha barua ya ajira, mitatu anakubali. Ongea naye mwenyewe, dalali akiwa pembeni.

Kabla ya kulipa nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Muulize nyumba ni ya nani na kama ina mgogoro wa ndugu. Anajua. Saini mkataba mbele yake, na barua ya utambulisho utaihitaji hata hivyo kwa shule ya mtoto.

LUKU: ingiza namba ya mita kwenye simu, nunua umeme wa elfu moja, uone unaingia kwenye mita ipi na kama kuna deni. Na kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu 2021. Hiyo ni ya mwenye nyumba, si yako. Andikeni kwenye mkataba kwamba utaitoa kwenye kodi ya pango. Kila mwezi ni hela ndogo, lakini ni yako.

Mpangaji wa Bugarika

Naongeza moja: nyumba iangalie mara mbili. Mchana, halafu alfajiri au usiku. Bomba, kelele za baa, njia ya giza, vyote vinaonekana saa hizo.

Mwanzisha uzi

Wakuu, narudi kuwashukuru, na kuwaeleza nilichofanya.

Nilikuja wiki iliyopita, siku nne. Luchelele nilikwenda kwanza kwa sababu moyo ulikuwa huko. Nyumba ni nzuri kweli. Nikapiga magoti kama Mama wa Luchelele alivyosema. Rangi mpya, mpaka kiunoni. Sikuuliza, nikaaga.

Bugarika nilipanda mpaka mlangoni, mimi mwenyewe nikakaa chini kupumua. Nikamfikiria mama, nikashuka.

Nimepata Butimba. Si ile niliyokuwa naiota, vyumba ni vidogo na jikoni hakuna malumalu. Lakini kutoka barabara ya Kenyatta mpaka mlangoni ni tambarare, ngazi ni mbili tu za barazani, na shule ya msingi mtoto anaifikia bila kuvuka barabara kubwa. Nilirudi saa kumi na moja alfajiri na tochi. Jirani, mama mmoja muuza vitumbua, alikuwa ameshawasha jiko. Nikamuuliza maji. Hakunijibu kwa maneno, alinipeleka kwenye pipa lake, akanionyesha alama za mkaa alizochora kwa ndani: hapa ni maji ya Jumatatu, hapa ya Alhamisi, hayajawahi kushuka chini ya hapa. Tangi la nyumba yangu ni lita 1,000, lakini aliniambia koki yake ya juu imeziba, kwa hiyo halijai. Mwenye nyumba nimemwambia, amekubali kuibadilisha kabla sijaingia na tumeiandika kwenye mkataba.

Amekubali miezi mitatu kwa 220,000. Mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri. Kodi ya jengo imo kwenye mkataba. Pale kijiweni nimeongea na mzee mmoja wa bajaji, ana binti muuguzi pia, atakuwa ananipeleka siku za zamu ya usiku kwa bei ya mwezi.

Swali moja limebaki. Mama anauliza kama mashuka mazito ya Iringa ayabebe au ayaache kwa dada.

Mama wa Luchelele

Alete mawili. Mwezi wa sita na wa saba usiku upepo wa ziwani una baridi kidogo, na wazee wanaisikia. Mengine ayaache. Mkifika Butimba niambie, nitakuja kumsalimia.