Re: Michango ya maafa: nani anashika hela?

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Kuna tangazo la kuchangia waliokumbwa na mafuriko linazunguka kwenye magrupu. Akaunti ina jina la "Kamati ya Maafa" na chini yake namba ya simu ya mtu binafsi. Nani anamfahamu? Mwaka jana tulichanga, mpaka leo hatujaonyeshwa hata risiti.

—

Mdogo wangu, marahaba. Usitume bado, jina la akaunti lisikutulize. Wanaokumbuka tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 wanajua: watu 17 walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, rambirambi zikamiminika. Kabla mwezi haujaisha Rais Magufuli akawaondoa kazini Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi. Kwa hiyo soma namba, tarakimu kwa tarakimu, na uilinganishe na tangazo lililotolewa na ofisi yenyewe. Ile picha iliyopita mikononi mwa watu kumi iache.

Mimi lakini kilichoniuma Kagera kilikuja baadaye. Januari 2017 waathirika waliambiwa serikali haitawajengea nyumba, michango itakwenda kwenye miundombinu ya umma. Hapo hakuna aliyeiba, na uamuzi wenyewe unateteka: shule ikianguka watoto wa kijiji kizima wanakosa pa kusomea. Ila aliyetoa akiamini ananunua bati la mjane alipaswa kuambiwa kabla hajatoa.

Huku Uingereza hela iliyochangwa kwa kazi fulani ni ya kazi hiyo, huwezi kulipia deni la ukumbi wa sherehe ya Uhuru (mnajua nasema nini). Ikizidi, au kazi ikishindikana, kuna taratibu zake za kisheria, na zinachosha. Ndiyo maana tangazo liseme tangu mwanzo: ikibaki, itakwenda wapi. Sentensi moja tu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, shirika la madaktari wa dharura la Médecins Sans Frontières walitangaza ndani ya siku chache kwamba za tsunami zimetosha, wakawaomba wachangiaji ruhusa ya kuzipeleka kwenye dharura nyingine. Wengi wakakubali. Watu hawakatai wakiulizwa.

—

Kaka, heshima yako, lakini watu wamelala nje na wewe unatupa somo la sheria. Mimi namtumia mama mkubwa kijijini, yeye ndiye anayejua nani hana kitu. Kamati ndiko wapigaji wanakojificha.

—

Dada, hapo sina ubishi: hela yako, mama yako. Shida inaanza unapokusanya za wenzako na kuzipitishia akaunti yako. Mama mkubwa naye asitwishwe mzigo wa hela za watu asiowajua, kesho jirani aliyekosa ndiye atakayemsema.

Kama tunachanga pamoja, malipo yaidhinishwe na watu wawili wasio ndugu. Taarifa ya benki iletwe hapa kama ilivyotoka benki, sitaki jedwali mtu kalichapa usiku. Na makato yaandikwe. Ugomvi wa mwaka jana ulianzia hapo hapo: zilitoka pauni huku, zikapokelewa shilingi kule, hesabu hazikulingana, na hakuna aliyehifadhi kiwango cha kubadilishia cha siku hiyo wala ada ya kutuma. Inawezekana kabisa hakuna senti iliyoliwa. Mweka hazina wetu alichafuka jina kwa kukosa karatasi moja, na mpaka leo haji kwenye mikutano.

Mdogo wangu, huyo mwenye namba mpigie kwanza. Muulize akaunti iko benki gani, wanaosaini ni akina nani, na nani huko wilayani anaijua hiyo kamati. Akikasirika, tuambie.